Watoto wa Kiume wa Nyumba Moja

Jioni hii nataka tuzungumze juu ya ugonjwa ambao wengi wenu hamjapata kuusikia, wala si ajabu, kwa maana ni wa nadra sana. Hukadiriwa kwamba humpata mtoto mmoja katika watoto 300,000 au 400,000 wanaozaliwa. Katika Marekani yote, pamoja na ukubwa wake, wagonjwa wanaohesabiwa ni kama 150 tu. Wangeweza kuketi wote katika kanisa moja la kijijini na mabenchi yakabaki. Lakini nimeuchagua kwa sababu swali lililo ndani yake si la nadra hata kidogo. Kila mchungaji amelisikia katika matanga.

Mama amezaa mtoto wa kiume, akafa kabla hajatambaa. Akazaa wa pili, wa kiume pia, naye akafa. Binti zake ni wazima, wanaruka kamba uani. Watu wakirudi kutoka kaburini, husemaje? Hawasemi mbele ya mchungaji. Husemea jikoni na nyuma ya ghala. Mmoja anasema mama huyu ana mkosi. Mwingine anasema mahari haikumalizwa. Wa tatu, mara nyingi ni mtu mzima mwenye kumbukumbu nzuri, anasema hata nyanya mzaa mama wa huyu mke alizika wavulana, kwa hiyo ni laana ya ukoo ule, na mume angaliambiwa mapema asioe huko. Huyo wa tatu nitarudi kwake baadaye, maana pamoja na ubaya wa maneno yake ameshika jambo la kweli asilolijua.

Twendeni kwanza Uholanzi, katika mji wa Amsterdam. Huko alikuwako daktari wa watoto, bingwa wa magonjwa ya mishipa ya fahamu, aitwaye Peter Barth. Alikutana na ukoo mmoja mkubwa wa Kiholanzi ambao watoto wake wa kiume walikuwa wakifa wachanga. Wengine walikufa kwa moyo kushindwa kazi. Wengine walikufa kwa kuoza damu, yaani vijidudu kuenea mwilini na mwili usiweze kujitetea. Ukimtazama mtoto mmoja peke yake, kila kifo kilikuwa na jina lake: huyu moyo, yule homa. Lakini Daktari Barth na wenzake hawakumtazama mtoto mmoja. Walichukua karatasi wakauchora ukoo wote, akina nyanya, akina mama, wajomba waliokufa zamani, hata wale ambao watu wameacha kuwataja kwa sababu waliishi miezi michache tu. Mwaka 1983 wakachapisha habari zao, na tangu hapo ugonjwa ukaitwa kwa jina lake, ugonjwa wa Barth.

Karatasi ile ilionyesha nini? Kwamba waliougua ni wavulana, na kwamba ugonjwa ulifika kwao kupitia kwa mama ambao wenyewe hawakuugua. Sasa mnamkumbuka yule mtu wa tatu katika matanga? Yeye naye aliona hayohayo. Aliona wavulana wakifa, na akaona njia ya kina mama. Macho yake yalikuwa sawa na macho ya daktari. Tofauti ni kwamba mmoja alipoona alinong'ona neno laana, na mwingine alipoona alitafuta kalamu.

Ngojeni niwaeleze kwa kifupi ugonjwa wenyewe unavyofanya kazi, nami nitajitahidi nisiwachoshe. Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Ndani ya karibu kila chembe kuna meko madogo, ambayo wataalamu huyaita mitokondria. Humo ndimo chakula tulichokula kinapochomwa, tukapata nguvu. Moyo hupiga kama mara 100,000 kwa siku, haupumziki hata tulalapo, kwa hiyo chembe zake zimejaa meko. Misuli ya mapaja na mabega ni vivyo hivyo. Meko yakilegea, moyo na misuli ndivyo vinavyoona njaa kwanza.

Ndani ya meko hayo kuna ngozi nyembamba yenye mikunjo mingi, na ngozi hiyo hushikwa na mafuta ya namna ya pekee yaitwayo kadiolipini. Maana ya jina hilo ni mafuta ya moyo. Yaligunduliwa katika moyo wa ng'ombe na mama mmoja mtaalamu, Mary Pangborn, huko Albany katika jimbo la New York, mwanzoni mwa miaka ya 1940. Hapa nitapotoka kidogo njiani. Ninyi akina mama ambao zamani mlipimwa damu kliniki mkiwa wajawazito, ili ijulikane kama mna kaswende, kipimo kile kilichotumika miaka mingi duniani kote kilitengenezwa kwa mafuta hayohayo. Mmekuwa mkisaidiwa na kadiolipini bila kuijua kwa jina.

Basi mafuta hayo yakitengenezwa kwanza huwa hayajakamilika, kama mlango uliotoka kwa seremala haujapigwa randa. Yuko fundi katika chembe ambaye kazi yake ni kuondoa vipande visivyofaa na kutia vinavyofaa, mpaka mafuta yakae sawasawa. Fundi huyo anaitwa tafazini. Kwa mvulana mwenye ugonjwa wa Barth, fundi huyo ana kasoro au hayupo kabisa. Mafuta hubaki nusu, ngozi ya meko hulegea, na moto huwaka hafifu. Moyo hupanuka na kuchoka. Misuli huwa laini, mtoto huchelewa kuketi na kutembea. Askari wa damu, zile chembe nyeupe ambazo ndizo za kwanza kupambana na vijidudu, hupungua, tena mara nyingine hupungua na kurudi na kupungua tena, hata siku anapopimwa huenda wakawa wametosha na daktari asishuku kitu. Mtoto huwa mfupi kuliko wenzake mpaka karibu na mwisho wa ujana, ndipo hurefuka ghafula.

Jina la fundi huyo lina mzaha wake. Maagizo ya kumtengeneza tafazini, yaani jeni yake, yaligunduliwa na wataalamu wa Italia mwaka 1996, nao wakampa jina la mchekeshaji wa televisheni yao, Tafazzi, ambaye kazi yake ilikuwa kujipiga mwenyewe kwa chupa. Sijui kama mzazi aliyekesha na mtoto mgonjwa alicheka aliposikia. Miaka minne baadaye, mwaka 2000, wenzao wa Amsterdam wakaonyesha kwamba kasoro iko katika yale mafuta. Tangu karatasi ya Daktari Barth hadi hapo ni miaka 17.

Sasa tuje kwa mama. Maagizo ya tafazini yameandikwa katika kitu kiitwacho kromosomu X. Mwanamke amepewa X mbili, mwanamume amepewa X moja tu. Mwanamke ni kama boma lenye visima viwili: kimoja kikiwa na maji machungu, watu wa boma huchota kwenye kile kingine, wala hakuna anayejua kwamba kuna kisima kibaya. Mwanamume ana kisima kimoja. Akikipata kile kichungu, hana pengine pa kuchota. Mama mwenye X moja yenye kasoro, kila anaposhika mimba ya mtoto wa kiume, nafasi ni nusu kwa nusu. Binti naye ana nafasi hiyohiyo ya kupokea, ila yeye atakua mzima, aolewe, na siku moja ajiulize kwa nini mwanawe hapati nguvu za kunyonya. Na mwanamume mwenye ugonjwa huu akiishi hadi kuwa baba, binti zake wote huipokea X yake, wala hakuna mwanawe wa kiume anayeipokea. Kwa hiyo msiseme njia ni ya wanawake tu. Tena mara nyingine kasoro huanza upya katika mtoto, wala mama yake hana kabisa.

Jambo la namna hii liliwahi kuingia hata ikulu. Malkia Victoria wa Uingereza alikuwa na X yenye kasoro nyingine, ile ya damu kutoganda. Mwanawe Leopold aliugua, na kitukuu chake Alexei, mwana wa mfalme wa Urusi, aliugua pia. Sijasikia mtu aliyesema Malkia Victoria hakumaliziwa mahari.

Ndugu zangu, Kiswahili chetu kina maneno mawili ambayo katika matanga huwa tunayachanganya: sababu na hatia. Mnakumbuka wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walimwuliza Bwana kosa lilikuwa la nani, lake au la wazazi wake. Walidhani kila penye sababu lazima pawe na mwenye hatia. Bwana aliwakatalia hilo. Wako wakristo wema ambao, wakiogopa kumtia mama hatiani, huona afadhali wasitafute sababu pia, husema tu ni mapenzi ya Mungu, tukanyamaza wote. Mimi naona kimya hicho hakimsaidii mama. Atabeba mimba nyingine akiwa na hofu ileile, na maneno ya jikoni yataendelea. Wale waliochora ukoo wa Kiholanzi walitafuta sababu kwa bidii, na walipoipata, haikuwa na mtu wa kushtakiwa. Mama hakula kitu kibaya. Hakutenda jambo. Alipokea X yake kabla hajazaliwa, kama alivyopokea urefu wake na umbo la vidole vyake.

Tena msifikiri kwamba daktari akisema ugonjwa umetoka upande wa mama, neno hilo huingia nyumbani likiwa safi. Mume huweza kulisikia vibaya. Mavyaa huweza kulisikia vibaya zaidi. Kwa hiyo nawasihi wachungaji na wazee wa kanisa: nyumba ikiletewa habari kama hiyo kutoka hospitalini, nendeni mapema, kabla haijageuzwa kuwa kesi.

Kuna jambo jingine lililotoka katika mji wa Bristol, Uingereza, ambako tangu mwaka 2010 iko kliniki maalumu ya serikali kwa wagonjwa hawa. Mwaka huohuo waganga wa huko na wenzao waliandika kwamba katika koo hizi wavulana hufa hata kabla ya kuzaliwa. Mimba za watoto wa kiume huharibika, au mtoto huzaliwa amekufa, moyo wake ukiwa umeshindwa tumboni. Fikirini ni mama wangapi waliozika mimba zao kimya kimya, bila matanga na bila mchungaji, na katika daftari la ukoo hawakuandikwa. Wale nao ni mashahidi.

Kwa nini nasema mashahidi? Kwa sababu ugonjwa huu hujificha. Mtoto huletwa ana homa na anapumua mbio, husemwa ni kichomi. Moyo huonekana umepanuka, husemwa virusi vimeupiga moyo. Nami sitaki mtu atoke hapa akidhani kila mtoto afaye ana ugonjwa wa Barth. Kwetu malaria na kichomi vyenyewe vingali vinaua, na mtoto mwenye homa apelekwe hospitali upesi kama siku zote. Lakini kama mama amepoteza wana wa kiume, na mama yake au dada yake pia amepoteza wana wa kiume, na moyo umetajwa, basi na aseme hayo kwa daktari. Asingoje kuulizwa. Ataje kaka zake waliokufa, ataje wajomba, ataje mimba. Neno hilo moja la ukoo laweza kumwongoza daktari kuliko vipimo kumi. Kuna kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, kuna asidi fulani itafutwayo katika mkojo, kuna kipimo cha damu kinachoyatazama yale mafuta yenyewe, na kuna cha kusoma jeni. Ugonjwa ukijulikana, yako mengi ya kufanya hata bila dawa ya kuuponya: dawa za kawaida za moyo, dawa za kuua vijidudu mapema, sindano za kuwaongeza askari wa damu. Wengine wamebadilishiwa moyo. Wako hata wanaopewa wanga mbichi wa mahindi wakati wa kulala, ili misuli isijile usiku. Zamani wengi walikufa wachanga. Leo wako wanaume wenye ugonjwa huu waliofika umri wa makamo.

Na dawa je? Hapa kuna habari ndefu, nami nitaieleza yote kwa sababu inatufundisha jinsi ukweli unavyotafutwa kwa shida.

Mtaalamu aitwaye Hazel Szeto wa New York, pamoja na mwenzake Peter Schiller wa Montreal, walikuwa wakitafuta dawa za maumivu. Katika kazi hiyo wakapata kitu kidogo ambacho, kikiingia katika chembe, huenda moja kwa moja kwenye meko na kushikamana na kadiolipini. Hawakukitafuta, walikikuta. Baadaye kikaitwa elamipretidi. Ikafikiriwa kwamba huenda kikawafaa wavulana wa Barth. Kukafanywa jaribio katika hospitali ya Johns Hopkins, mji wa Baltimore, kwa wagonjwa 12. Kumi na wawili tu, maana wangepatikana wapi wengine? Kila mmoja alidungwa sindano kila siku kwa majuma 12 ikiwa na dawa, na majuma 12 ikiwa haina dawa, wala yeye wala waganga wake hawakujua ni lini ni ipi. Wakapimwa mwendo wanaoweza kwenda kwa dakika sita.

Matokeo? Hapakuwa na tofauti. Walipokuwa na dawa na walipokuwa hawana, walitembea sawa.

Kisha kumi kati yao wakaendelea, safari hii wakijua kwamba wanachodungwa ni dawa kweli. Baada ya majuma 36, wale waliokuwa wamefika hapo walikuwa wametembea karibu mita 96 zaidi kuliko mwanzo. Mnaliona tatizo? Wazazi waliona watoto wao wakipanda ngazi. Maofisa wa dawa wa serikali ya Marekani wakasema: mtu akijua amepewa dawa, tumaini nalo lina miguu, tutajuaje kama ni dawa au ni tumaini? Kusema kweli, kila upande ulikuwa na haki. Mwaka 2021 maofisa walikataa hata kulipokea faili. Jamaa za wagonjwa, ambao tangu mwaka 2000 wana chama chao kilichoanzishwa na wazazi wenyewe, hawakurudi nyumbani. Mwezi wa Oktoba 2024 washauri wa serikali walipiga kura, 10 wakakubali na 6 wakakataa. Mwezi wa Mei 2025 maofisa wakakataa tena. Hatimaye, tarehe 19 Septemba 2025, wakaikubali, kwa sharti kwamba uchunguzi mwingine ufanywe kuhakikisha inasaidia. Walitegemea jambo moja dogo: nguvu za msuli unaounyosha mguu gotini zilikuwa zimeongezeka. Goti la kijana mmoja baada ya mwingine, limepimwa na kuandikwa. Ndiyo dawa ya kwanza kukubaliwa kwa ugonjwa huu, miaka 42 tangu Daktari Barth achapishe habari za ukoo ule.

Lakini imekubaliwa kwa mgonjwa mwenye uzito wa kilo 30 au zaidi. Mtoto wa miezi mitano ana kilo saba hivi. Yule hasa ambaye moyo wake huchoka kabla hajatambaa, yule tuliyeanza naye, bado hayumo katika kibali hicho. Huko ndiko kazi iliko sasa. Mwaka 2014 wataalamu wa Boston walichukua chembe za wagonjwa wawili, wakazigeuza kuwa chembe za moyo, wakaotesha kipande chembamba cha msuli wa moyo nje ya mwili. Msuli ule ulipiga kwa udhaifu, kama ulivyotazamiwa. Walipoutia maagizo sahihi ya tafazini, ukapiga kwa nguvu. Katika panya nao, kuwatia jeni iliyo nzima kumeirudishia mioyo yao nguvu. Panya si mtoto, na kipande cha msuli si moyo, wenyewe husema hivyo. Wanaendelea kuhesabu, na wazazi wanaendelea kuwauliza ni lini.

Muda wetu umekwisha. Mama unayesikiliza peke yako jioni hii, uliyekuwa na wana na sasa una binti tu, mwite binti yako mkubwa umtajie majina ya kaka zake, na ya wajomba zake, na mwaka aliokufa kila mmoja. Na ayaandike katika daftari la shule. Kwaherini mpaka juma lijalo, saa kama hii.